Uongo Kwenye Fomu ya Chuo Unashikwa Wapi?



Wahenga walituachia msemo kwamba njia ya mwongo ni fupi. Leo nataka tuupime msemo huo kwa jambo ambalo msimu huu linasemwa katika kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, yaani maombi ya chuo. Vijana wanaulizana, na wazazi nao wanaulizana kwa sauti ya chini zaidi: ukiongeza chumvi kwenye fomu, ukabadilisha kidogo hapa na pale, unashikwa?

Naanza na mama mmoja wa Marekani, Marilee Jones. Mwaka 1979 aliajiriwa katika ofisi ya udahili ya MIT, chuo kikubwa cha sayansi na teknolojia kilichoko Cambridge, jimbo la Massachusetts. Akapanda ngazi mpaka mwaka 1997 akawa mkuu wa udahili. Ofisi yake ndiyo iliyokuwa ikipokea maelfu ya fomu na kuamua nani aingie, nani abaki nje. Mwaka 2006, yeye na daktari mmoja wa watoto walitoa kitabu cha kuwasihi wazazi wawapunguzie watoto wao mzigo wa mashindano ya kuingia chuo, na humo ndani wakazungumzia pia uadilifu. Aprili 2007 akajiuzulu. Mtu fulani alikuwa ametoa taarifa chuoni kwamba shahada alizozitaja mama huyu kwenye wasifu wake zikaguliwe. Zikakaguliwa, na ikabainika kwamba hakuwa nazo.

Miaka 28, msikilizaji. Njia ile haikuwa fupi hata kidogo. Na hapo tunamzungumzia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima ukweli wa fomu za wengine, katika moja ya vyuo vyenye akili nyingi kuliko vyote duniani. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeinua simu kuuliza vyuo vile vilivyotajwa, huyu mliwahi kumfundisha?

Visa vya namna hii nimevifuatilia kwa muda mrefu, na jibu langu kwa swali la wazazi ni kwamba waongo wanashikwa, ila ni nadra sana kushikwa mlangoni. Ni kama mtu aliyeingia harusini bila kadi. Mlinzi hakumwona, maana getini watu ni wengi na kila mtu kavaa vizuri. Anayemuumbua ni jirani wa mezani, na wakati huo sahani yake imeshakuwa tupu.

Tumtazame kijana mmoja aliyeitwa Adam Wheeler, kwa sababu kesi yake ilifika mahakamani na mambo yake yote yakaanikwa. Alisoma sekondari ya serikali katika jimbo dogo la Delaware, akaenda chuo cha Bowdoin huko Maine, na huko akapata matatizo kwa kunakili kazi za wengine. Mwaka 2007 akaomba kuhamia Harvard. Kwenye karatasi alizopeleka, ile sekondari ya Delaware haikuwepo, na Bowdoin haikuwepo. Badala yake alionekana amesoma Phillips Academy ya Andover, moja ya sekondari za kifahari kupita zote nchini mwao, na kwamba alikuwa mwanafunzi wa MIT mwenye matokeo ya kutisha. Matokeo ameyaghushi, barua za walimu wa kumsifu ameziandika mwenyewe, alama za mtihani wa SAT amezipandisha mpaka juu kabisa. Harvard wakampokea.

Pale alikaa miaka miwili. Akashinda tuzo za fedha kwa maandishi ambayo hayakuwa yake, akapata misaada ya masomo, na hakuna aliyeshtuka. Kilichomwangusha ni kutaka zaidi. Mwaka 2009 aliomba apendekezwe kwa ufadhili wa Rhodes, ule unaompeleka mtu Oxford. Karatasi zake zikafika mezani kwa profesa mmoja wa fasihi, James Simpson, ambaye aliposoma insha akaona maneno anayoyafahamu. Yalikuwa ya mwenzake wa idara hiyo hiyo, Profesa Stephen Greenblatt. Hapo ndipo faili lote lilipofunguliwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Wheeler aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, naye akaondoka. Unadhani aliacha? Alituma maombi mengine ya uongo kwenye vyuo vingine vikubwa, na Stanford wakamkubali kabla ya ukweli kuwafikia. Mei 2010 akafikishwa mahakamani, Desemba akakiri makosa 20. Akapewa kifungo cha nje cha miaka 10 na kuamriwa arudishe dola 45,806.

Nakuomba usikilize mpangilio wa mambo hayo. Uongo wa mlangoni, ambao kwa simu moja tu kwenda Andover na nyingine kwenda MIT ungezimwa asubuhi moja, ulipita salama. Kilichoshikwa ni insha ya miaka miwili baadaye, kwa sababu ilitua kwenye meza ya mtu anayeijua kazi ya mwenzake. Laiti Wheeler angeridhika na shahada yake akaondoka kimya kimya, naamini leo asingejulikana. Na ndiyo maana sina raha kila ninaposikia watu wakisema, mbona wengi wanakamatwa. Tunawaona waliokamatwa tu. Aliyefaulu kudanganya hatajitangaza, na hakuna daftari linaloandika majina yao.

Miaka ya nyuma zaidi, Princeton nao walipatwa. Mwaka 1988 walimkubali kijana aliyejiita Alexi Santana, aliyesema amejifundisha mwenyewe huku akichunga ng'ombe nyikani Utah na kulala nje chini ya nyota. Simulizi ilikuwa tamu, na kijana alikuwa mkimbiaji hodari. Jina lake halisi lilikuwa James Hogue, mtu mzima aliyekaribia miaka 30, na mwaka ule ambao chuo kilikubali aahirishe masomo, alikuwa gerezani kwa wizi. Aliumbuliwa mwaka 1991 kwenye mashindano ya riadha, pale msichana mmoja alipomtambua kwamba ndiye yule aliyewahi kujifanya mwanafunzi wa sekondari kwao California, kwa jina jingine kabisa. Bahati tu. Msichana yule angebaki nyumbani siku hiyo, Hogue angemaliza chuo.

Sasa tuje kwenye kesi kubwa ya zama zetu. Tarehe 12 Machi 2019, waendesha mashtaka wa Boston walitangaza kuwashtaki watu wapatao 50: wazazi matajiri, makocha wa vyuo, wasimamizi wa mitihani. Kiungo chao alikuwa William Rick Singer, mshauri wa maombi ya vyuo kutoka California. Singer aliwaambia wazazi kuwa kuna mlango wa mbele, wa wanaofaulu. Kuna mlango wa nyuma, wa wanaojengea chuo jengo. Na yeye ana mlango wa pembeni, wenye bei nafuu na uhakika. Kati ya 2011 na 2018 wazazi walimlipa zaidi ya dola milioni 25, nyingi zikipitia shirika la hisani alilolisajili, ili mlungula uonekane ni sadaka.

Mlango huo ulifanyaje kazi? Kwanza kulikuwa na mtihani wa kuingilia chuo. Mtoto anatafutiwa barua ya mtaalamu kwamba ana shida ya kusoma na anahitaji muda wa ziada. Barua hiyo inamwezesha kufanya mtihani peke yake, katika kituo ambacho msimamizi wake ameshanunuliwa, Houston au West Hollywood. Kisha anapandishwa ndege kutoka Florida mtu aliyeitwa Mark Riddell, bingwa wa mitihani, ambaye kwa kawaida alilipwa dola 10,000 kwa kila mtihani. Mara nyingine anakaa pembeni akimpa mtoto majibu. Mara nyingine mtoto akishatoka, yeye anabaki na karatasi na kuzirekebisha. Na alikuwa na ustadi wa kuchagua alama. Hakuwapa watoto alama za juu kabisa, maana zingezua maswali. Aliwapa alama zinazotosha na zinazoaminika.

Pili kulikuwa na michezo. Vyuo vya kule vina nafasi zinazotengwa kwa wachezaji wanaochaguliwa na makocha. Singer aliwalipa makocha wawataje watoto ambao hawakuwa wachezaji. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe Mossimo Giannulli walilipa dola 500,000 ili mabinti zao wawili waonekane wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mabinti walipigwa picha wakiwa juu ya mashine ya mazoezi, picha zikatumwa, kazi ikaisha. Mwigizaji mwingine, Felicity Huffman, alilipa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa binti yake yarekebishwe. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari. Mama huyu aliieleza mahakama kwamba binti yake, alipojua, alimuuliza kwa uchungu kwa nini hakumwamini kwamba angeweza mwenyewe. Huffman alihukumiwa siku 14 jela, Loughlin miezi miwili, Giannulli miezi mitano. Singer, aliyegeuka kuwa shahidi wa serikali, alihukumiwa Januari 2023 miaka mitatu na nusu.

Na walishikwaje? Si kwamba chuo kikubwa kilikaa na kukagua mafaili yake hadi kikagundua genge lote. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akichunguzwa kwa ulaghai wa hisa, jambo lisilohusiana na vyuo hata chembe. Ili apunguziwe adhabu, akawatajia wapelelezi kwamba kocha wa soka ya wanawake wa Yale anamtaka rushwa ili binti yake apate nafasi. Kocha akanaswa, kocha akamtaja Singer, Singer akakubali simu zake zirekodiwe, na kamba yote ikavutwa. Bila ulaghai wa hisa, pengine mlango ule wa pembeni ungekuwa wazi mpaka leo.

Lakini katika kesi hiyo yuko mtu mmoja ninayempa heshima kubwa kuliko wapelelezi wote, na hata jina lake halijulikani sana. Ni mshauri wa wanafunzi katika sekondari ile ya wasichana waliyosoma mabinti wa Loughlin. Alipoona kwamba chuo kinawahesabu kuwa wapiga makasia, alitia shaka na akasema, kwa sababu aliwaona kila siku na hakuwahi kusikia habari ya makasia. Baba mtu alikwenda shuleni kugomba naye. Watu wa udahili wa chuo walikuwa na faili. Mshauri huyu alikuwa akimjua mtoto.

Nadhani tatizo lote limejificha hapo. Uongo unakwenda kukaa pale ambapo hakuna anayetazama. Ukichunga matokeo, unahamia kwenye michezo. Ukichunga michezo, unahamia kwenye hadithi ya maisha. Mwaka 2007 chombo cha Uingereza kinachopokea maombi ya vyuo vikuu, UCAS, kilipitisha kwenye kompyuta maelezo binafsi ya waombaji 50,000, wengi wao wakitaka udaktari au nafasi katika vyuo vya juu kabisa. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia kisa kile kile cha kuunguza pajama wakiwa na umri wa miaka minane. Wengine 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa aliyewafanya waipende tiba. Kompyuta iliwaona kwa sababu walinakili sehemu moja. Lakini mwombaji mmoja tu akibuni kisa chake mwenyewe, cha pajama au cha babu, kompyuta itamwonaje? Chombo cha kulinganisha maneno hakijui kama babu alikuwepo.

Siku hizi hata kunakili hakuhitajiki. Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili bandia humwandikia kila mtu hadithi yake tofauti, na kabla ya hapo kulikuwa na binadamu. Wengi wa binadamu hao wako Nairobi. Vijana wa Kenya wenye shahada zao halali, waliokosa kazi, wamekuwa wakiandika kwa malipo kazi za masomo za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na hata insha za kuombea nafasi chuoni. Kuna filamu nzima juu ya uandishi huo wa kivuli, The Shadow Scholars, iliyotoka 2024. Jambo hili linaniuma. Kijana amekesha akisoma kwa uaminifu, amefaulu, na kazi anayoipata ni kumfungulia mtoto wa tajiri mlango wa chuo ambacho yeye mwenyewe asingeweza kupata hata nauli ya kwenda kukiona. Wa kule anaitwa mwerevu. Wa hapa jina lake haliandikwi popote.

Huku kwetu mlango wa chuo unafunguliwa kwa alama za mtihani zaidi kuliko hadithi. Kwa hiyo kwa miaka mingi uongo ulikwenda kukaa kwenye mtihani na kwenye cheti. Mnakumbuka Kenya. Mwaka 2015, waliopata gredi A kamili kwenye mtihani wa kidato cha nne walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata Waziri Fred Matiang'i akabana: karatasi zikawekewa ulinzi mkali, walimu wakuu wakabebeshwa dhamana ya moja kwa moja ya vituo vyao. Waliopata A wakawa 141. Najua wapo waliobishana kuhusu usahihishaji wa mwaka ule, na mabishano hayo yana haki yake. Hata hivyo pengo la namna ile halielezeki kwa usahihishaji peke yake. Na jiulize: miaka iliyotangulia, kati ya zile A maelfu, ngapi zilichukua viti vya udaktari na uhandisi vya watoto wa shule za vijijini ambako karatasi iliyovuja haikufika?

Sisi wa Tanzania nasi tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma zaidi ya 400,000. Baraza la Mitihani, NECTA, lilikuwa limevipitia kimoja kimoja. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamebakiza miaka michache kustaafu. Kulikuwa na vilio, na naomba nisiwabeze waliolia, maana baadhi walikuwa wauguzi na watumishi waliofanya kazi zao kwa moyo, na walipoondoka vituo vyao vilipungukiwa. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliridhia warudishiwe michango yao waliyokatwa kwenye mishahara. Mimi naona hilo lilikuwa la haki. Kenya nao, Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kubaini vyeti vya kughushi 2,067.

Sasa katika ripoti ile ya Dodoma kuna hesabu nyingine ambayo haikuzungumzwa sana, nayo ndiyo iliyonikaa moyoni. Vilikutwa vyeti 1,538 ambavyo kila kimoja kilikuwa kikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Cheti halali, jina halali, namba ya mtihani halali, lakini wenye nacho wawili au zaidi. Mmoja wao alikaa kwenye kile chumba cha mtihani. Mwingine aliazima kwa ndugu, au alinunua, au aliokota, au aliiba.

Nashukuru kwamba mlango huo sasa una mlinzi. Mwombaji wa chuo leo haleti karatasi ya matokeo; anaingiza namba yake ya mtihani, na matokeo yanavutwa moja kwa moja kutoka NECTA. Hakuna cha kughushi hapo. Lakini uongo haukufa, umehama tu. Nenda leo kwenye steshenari yoyote karibu na stendi. Nje kuna bango: maombi ya vyuo, mkopo, RITA, ajira. Ndani kijana yuko kwenye kompyuta, na mwombaji kakaa kwenye stuli pembeni yake, bahasha ya kaki mapajani. Foleni ni ndefu, maswali yanakwenda haraka. Namba ya form four? Shule ya msingi ulisoma ya serikali au ya kulipia? Ada nani alilipa? Baba yupo? Anafanya kazi gani?

Swali la baba ndilo lenye uzito. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu unatolewa kwa kuangalia uhitaji, na yatima ana nafasi yake. Zamani mtu aliweza kumzika baba yake kwenye karatasi na jioni wakala naye wali. Sasa cheti cha kifo lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wa Zanzibar kuna wakala wake, kwa hiyo baba amefufuka. Amefufuka akiwa mkulima. Ana maduka mawili na fuso, lakini kwenye fomu ni mkulima wa jembe la mkono, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amegonga muhuri, na wakili amegonga muhuri, na hakuna kati yao aliyemuuliza swali. Mwenyekiti anaifahamu ile fuso. Anaiona kila asubuhi ikiwashwa.

Namsema mwenyekiti huyo kwa sababu yeye ndiye yule mshauri wa sekondari ya mabinti wa Loughlin, isipokuwa wa kwetu ameamua kunyamaza. Sisi tunaojuana mitaani tuna ulinzi ambao Harvard hawana. Hawakuwa na njia ya kumjua kijana wa Delaware. Sisi tunajua nani kafiwa, nani ana shamba, nani alimaliza na nani aliishia njiani. Tunachokosa ni utayari wa kusema, na naelewa ni kwa nini: anayesema anaitwa mchawi, kamnyima mtoto wa mwenzake riziki. Lakini fungu la mkopo lina mwisho wake. Ukimwonea haya baba mwenye fuso, umemkata mtoto wa mama anayeuza maandazi, na huyo hutamwona akija kukulalamikia, kwa sababu hajui kilichotokea. Ataambiwa tu jina lake halikutoka.

Nimemtafuta sana mtu huyu aliyekatwa, katika visa vyote nilivyosoma. Marekani hayupo. Waendesha mashtaka wa Boston walihesabu chuo kuwa ndicho kilichodhulumiwa. Mtoto aliyekosa kiti cha yule mpiga makasia wa kwenye picha hakuwahi kuitwa shahidi, maana hakuna anayemjua, na yeye mwenyewe hajijui. Nikampata China.

Mkoa wa Shandong, mwaka 2004, binti mmoja wa familia ya wakulima alifanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo, akapata alama 546. Alama zilimtosha. Akasubiri barua ya kuitwa, haikuja. Akadhani ameshindwa. Akaenda mjini kutafuta maisha, akafanya kazi kiwandani, akahudumia mezani hotelini, baadaye akawa mwalimu wa chekechea. Mwaka 2020, akiwa mama mwenye watoto, alitaka kujiendeleza kwa elimu ya watu wazima. Akaingiza jina lake na namba yake kwenye mtandao wa serikali. Mtandao ukamjibu kwamba ameshahitimu. Aliingia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Shandong mwaka 2004, akamaliza mwaka 2007. Picha iliyokuwa pale haikuwa yake.

Aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa na alama 303. Barua ya wito ilinyakuliwa njiani, faili likabadilishwa, na kwa miaka 16 mwingine aliishi kwa jina lake, akapata na kazi serikalini. Baada ya kashfa hiyo kulipuka, ilifahamika kwamba vyuo 14 vya mkoa ule vilikuwa vimeshabaini majina 242 ya watu walioshukiwa kusoma kwa majina ya wengine. Mwizi wa jina akafukuzwa kazi, shahada ikafutwa. China ikatunga sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, inayofanya kuiba nafasi ya mtu chuoni kuwa jinai. Na yule mama alipokiomba chuo kimrudishie kiti chake, jibu la kwanza alilopewa ni kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika. Mpaka watu wa nchi nzima walipopiga kelele ndipo chuo kikasema kitamsaidia kutafuta njia.

Ndiyo maana mimi swali la kama waongo wanashikwa nimeliweka pembeni. Kushikwa baada ya miaka 16, au 28, kunamwadhibu mwongo tu. Kiti hakirudi. Nataka wakaguliwe mapema, wakati bado kuna wa kukipokea. Vyuo vyetu vina dirisha la kwanza la udahili na la pili. Uhakiki wote, wa majina, wa picha, wa vyeti vya nje ya nchi, wa taarifa za mkopo, umalizike kabla ya dirisha la pili kufungwa, na kila aliyeondolewa kwa udanganyifu, aliye chini yake kwenye orodha aitwe wiki hiyo hiyo. Vyuo vitangaze pia kila mwaka ni wangapi viliwakuta na udanganyifu na viti vyao vilikwenda kwa nani. Kazi hii inahitaji watu na fedha, nakubali. Kuwaondoa watumishi 9,932 kwa mpigo, baada ya kuwalipa mishahara miaka na miaka, nako kulikuwa na gharama yake.

Na wewe ambaye cheti chako kilipotea, labda nyumba ilihama, labda ulikiacha kwa mjomba au kwa mwajiri wa zamani, usikae ukasema si kitu, nilishaacha shule. Nenda polisi ukachukue taarifa ya upotevu, toa tangazo gazetini, kisha peleka maombi yako NECTA. Ukiwa huko, uliza kama namba yako ya mtihani imewahi kutumika mahali ambako wewe hukuwahi kufika.